Zambarau kwenye shela: kabla hujauza lenzi, fungua adapta

Ndugu, umeuliza kama ile zambarau inayozunguka shela la bibi harusi ni dalili kwamba lenzi yako ya Canon FD, aina ile ya zamani, imechoka. Usiiuze bado. Mimi nilibakiza kidogo kuuza yangu, 50 mm f/1.4, niliyoifunga kwenye kamera ya Canon EF, aina iliyokuja baadaye, kwa adapta (kipete cha kuunganishia) kama yako.

Ilikuwa harusi hapa Goma. Tulimsimamisha bibi harusi mbele ya ukuta wa mawe ya lava, jua la saa saba. Mnaujua weusi wa mawe yetu. Nilipokuza picha kwenye kompyuta, kila uzi wa pindo la shela ulikuwa na ukungu wa zambarau, na mawe ya nyuma yamevaa kijani. Iliniuma sana. Programu ya kuhariri iliifuta zambarau, lakini ikafuta na ya vitenge vya mashangazi, vikabaki vya kijivu.

Kioo hupinda buluu kuliko nyekundu, hivyo rangi hazikutani mahali pamoja. Lenzi ikiwa na tundu wazi hadi f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) itaonyesha hilo hata ikiwa nzima. Sasa adapta: lenzi ya FD hukaa milimita 42 kutoka kwenye sensa (sehemu ya kamera inayopokea mwanga), kamera ya EF inadai 44. Kwa ajili ya milimita hizo 2 wametia kioo ndani ya adapta, la sivyo lenzi haioni mbali. Kioo cha bei ndogo huongeza zambarau yake.

Jaribu hivi. Adapta nyingi za aina hiyo kioo chake hutoka kwa kufungua skrubu. Kitoe, weka kitambaa cheupe juu ya jiwe, piga ukiwa chini ya mita moja, maana zaidi ya mita moja na kidogo hutapata fokasi. Kwangu zambarau ilibaki uzi mwembamba, na kwenye f/2.8 ikaisha.

Ukiona rangi pembeni mwa picha tu, nyekundu huku na buluu-kijani kule, hiyo ni nyingine: kufunga tundu hakusaidii, ila programu huirekebisha vizuri.

Leo FD yangu iko kwenye kamera ya Sony E, inayodai milimita 18 tu, hivyo kioo hakihitajiki na adapta ni bomba tupu la chuma. Wewe kwa Jumamosi hii funga tundu hadi f/4, na bibi harusi mpeleke kivulini, mbali na mawe.