Upepo wa huku hautoi kibali, wadogo zangu

Marahaba, wadogo zangu. Nikiwa huku Denmark nimeisikiliza sauti mliyonitumia kutoka Mbagala, ya yule wakala. Anasema nchi za Ulaya zimesaini makubaliano ya umeme wa upepo wa baharini, watu hawatoshi, na Mtanzania mwenye cheti cha GWO, kile cha usalama kwenye kazi za upepo, akitua tu anapewa kibali cha kazi. Anataka milioni nne kwa kila kichwa. Msimpe hata mia.

Makubaliano yapo kweli. Aprili 2023 nchi 9 zilikutana Ostend, Ubelgiji, zikaahidi megawati 120,000 baharini ifikapo 2030. Bwawa la Nyerere kule Rufiji ni 2,115, pimeni wenyewe. Lakini vibali walivyokubaliana kuviharakisha ni vya miradi, siyo vya watu. Pale Kriegers Flak, baharini kati ya nchi mbili, mashamba ya mitambo ya upepo ya Denmark na Ujerumani yameunganishwa kwa nyaya tangu 2020, na umeme unavuka mpaka saa yoyote. Mtu je? Mimi nilipata kibarua cha wiki moja upande wa Ujerumani nikakikosa, kwa sababu karatasi zangu zinaniruhusu kufanya kazi Denmark tu.

Uingereza mlango ulikuwepo. Mabaharia wageni waliruhusiwa kufanya kazi kwenye mashamba ya upepo ndani ya maji ya nchi hiyo bila viza ya kazi. Ukafungwa tarehe 30 Aprili 2023. Rafiki yangu wa Tanga alikuwa kwenye meli ya huduma kule, vyeti vyote anavyo, na mkataba haukuongezwa. Leo wakala anawauzia ninyi mlango huo huo! Hicho cheti chenyewe ni mafunzo ya usalama: kupanda mnara, kuzima moto, kujiokoa majini. Baada ya miezi 24 unalipa tena. Hakimfanyi mtu fundi.

Mimi karatasi nimezipata kwa ndoa, siyo kwa upepo. Umeme nimesoma chuo cha DIT, Dar, mnajua. Hapa bandari ya Esbjerg naosha mavazi ya kuokolea wanayovaa mafundi wakienda baharini. Nakagua mishono, napaka zipu nta, naanika. Meli ikitoka gatini na watu wa kazi niliyoisomea, inaniuma, na miaka haijaupunguza uchungu huo.

Kwa hiyo bakini nyumbani. Lakini wewe Zuhura, unayemaliza umeme, njoo. Omba chuo mwenyewe, kwa mkono wako, na lugha ya huku Denmark anza kuisoma sasa hivi, kwa sababu bila lugha diploma inakaa kabatini kama yangu. Ukifika, mwaka wa kwanza usitume hela nyumbani, jijenge kwanza. Mama akiugua utatuma, hata kama ni ya kodi ya nyumba, na mimi sitakulaumu.

Wengine, mtu akiwaambia kuna kazi, ulizeni jina la mwajiri na mkataba. Mwajiri wa kweli anajulikana, na kibali kinapatikana kabla ya tiketi, hakisubiri uwanja wa ndege. Huyo wakala mwambieni awaonyeshe leseni ya Kamishna wa Kazi. Akianza kuzungusha maneno, ondokeni.

Juma, bodaboda usiuze. Kama umeshachukua hela ya mnunuzi, mrudishie leo, ikipungua nitajazia. Na namba ya huyo wakala nitumieni, nimpigie mwenyewe.