Kumsindikiza Dada Anapojipima VVU Nyumbani: Kazi Inayoweza Kufanywa kwa Simu

Kwa miaka kadhaa nimejitolea kuhamasisha wanawake kupima VVU mjini Clarkston, katika jimbo la Georgia, ambako wengi wetu tunaozungumza Kiswahili, hasa waliotoka Kongo, tumeanza maisha mapya. Wengi walifika wakiamini kwamba Ukimwi ni jambo waliloliacha Afrika, ilhali hapa Marekani wanawake Weusi ni takribani asilimia 13 tu ya wanawake wote, lakini ndio karibu nusu ya wanawake wanaogundulika kila mwaka kuwa na VVU. Hali hiyo haitokani na tabia mbaya. Virusi vimetapakaa zaidi katika jamii zisizo na bima na zinazochelewa kupimwa, kwa hiyo hata mwenye mwenzi mmoja yumo hatarini.

Kipimo cha kujipimia nyumbani kiitwacho OraQuick kiliidhinishwa nchini humu Julai 2012, na huuzwa katika maduka ya dawa bila cheti cha daktari. Bei yake ni takribani dola 40, na kwa mama anayelipa kodi ya nyumba huku akituma pesa kwa wazazi, hizo si fedha ndogo. Ndiyo maana mipango ya kutuma vipimo bure kwa posta, ukiwemo wa kitaifa ulioanza mwaka 2023, imekuwa msaada mkubwa. Kwa kuwa mipango hiyo hutegemea bajeti na masharti yake hubadilika, fungua wewe mwenyewe kiungo cha mtandaoni cha kuagizia kipimo siku ile ile unayotaka kukisambaza.

Ushauri wangu kwa anayetaka kutumia simu katika kazi hii ni kutenganisha mahali pa kutangazia na mahali pa kuzungumzia. Kundi la WhatsApp la kanisa, la kikoba au la akina mama wa mtaa linafaa kwa tangazo, lakini usitegemee mtu aulize swali humo, maana kuuliza kwenyewe kunatosha kumfanya wifi au jirani aanze kukisia. Weka namba ambayo dada anaweza kuiandikia faragha, na ukishajua kwamba yuko peke yake, mjibu kwa ujumbe mfupi wa sauti, kwa Kiswahili kilicho karibu na chake. Wapo wanaosoma kwa shida ingawa hawatakwambia.

Kabla hamjaenda mbali, muulize simu yake hushikwa na nani. Katika nyumba nyingi mtoto ndiye anayemsomea mama ujumbe wa Kiingereza, na simu iliyolazwa mezani huonyesha maneno ya mwanzo ya kila ujumbe hata ikiwa imefungwa. Mwelekeze namna ya kuzima onyesho hilo, na wewe uanze kwa salamu za kawaida, bila kutaja VVU katika mstari wa kwanza. Kisha litakuja swali la kifurushi: “Na baba watoto akikikuta?” Lichukue kwa uzito. Hakikisha mpango unatumia bahasha isiyoonyesha kilichomo, na hofu ikibaki, afadhali kipimo kitumwe kwa rafiki wa kike anayemwamini au akakichukue kituo cha afya. Mwanamke anayeishi na mume anayempiga asisukumwe hata kidogo, kwa sababu usalama wake unatangulia kipimo chochote.

Kipimo kikishafika, wengi hukificha chini ya nguo kabatini na kukiacha huko. Ujumbe wa kukumbusha unaotumwa na mtambo husaidia kiasi, ila nimeona unaofanya kazi hasa ni ule wa mtu anayemfahamu, unaomuuliza ni siku gani watoto watakuwa shuleni na nyumba itakuwa tulivu. Saa hiyo ikifika, uwe hewani. Asiwe amekula wala kunywa kitu kwa nusu saa. Apitishe kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja kwenye wa chini, akitumbukize katika kichupa chenye maji ya dawa, na asome majibu baada ya dakika 20, kabla ya 40 kupita. Dakika hizo ni ndefu mno kwa aliye peke yake, nami huzitumia kuzungumza naye habari za mapishi na masomo ya watoto. Usiombe picha ya majibu kamwe, hata kwa nia njema, kwa kuwa picha ikishaingia kwenye simu mbili haina tena mwenyewe.

Mstari ukitokea kwenye herufi C pekee, yaani kipimo hakikuona VVU, mweleze kwamba huenda kisionyeshe maambukizi ya miezi 3 iliyopita, na kwamba kwa wanaojipimia nyumbani huweza kumkosa takribani mtu 1 katika kila 12 walioambukizwa. Aliye na wasiwasi wa jambo lililotokea ndani ya saa 72 asingoje kipimo cha posta; aende hospitali siku hiyo hiyo akaombe PEP, dawa za kuzuia maambukizi baada ya mtu kukutana na hatari. Na anayeendelea kuwa hatarini aelezwe habari za PrEP, dawa ya kujikinga kabla ya kukutana na hatari, ambayo dada zetu wengi hudhani ni ya wanaume peke yao.

Mstari ukitokea pia kwenye T, ishara kwamba huenda ana VVU, hata ukiwa hafifu, lazima ufuate uthibitisho wa maabara. Mwambie mapema, kabla hajafungua pakiti, kwamba anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Uwe na namba ya kliniki tayari, piga naye simu akiwa bado hewani, na mkumbushe kwamba kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kumpa mkalimani bila malipo. Aombe mkalimani wa Kiswahili kwa simu, asiyemfahamu, badala ya kwenda na mtoto wake au na mtu wa kanisani.