Maandamano si kelele tupu

Ndugu yangu, umeuliza kama maandamano huleta mabadiliko au ni kelele tupu. Hapa kwetu Mombasa, mgomo mkuu wa Januari 1947, uliowaunganisha makuli wa bandarini na wafanyakazi wengine wa mji, ulileta nyongeza ya mishahara, ingawa kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo. Mswada wa Fedha wa 2024 nao uliondolewa baada ya vijana kumiminika barabarani (na wengine wakauawa), lakini baadhi ya kodi zake zilirejea Desemba ndani ya sheria nyingine. Kwa maoni yangu, barabara huzuia jambo upesi kuliko inavyojenga jingine: maandamano ya Saba Saba ya 1990, ya kudai vyama vingi, yalingoja hadi Desemba 1991 kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kifutwe, tena wafadhili wakiwa wameshafunga mifuko.