Kwenye ikoni, linda namba kwanza

Jahazi langu la kwanza lilitokea kwenye gemu likiwa ndani ya kiboksi cha waridi kali. Nilikuwa nimelichora jioni tatu mfululizo, nikikumbuka majahazi ya Mikindani, na nilipatia hadi mshono wa tanga. Niliumia sana, maana kwenye mchoro hapakuwa na kosa.

Gemu lenyewe ni Civilization III, la kompyuta, la mwaka 2001. Ikoni, yaani picha ndogo, za vikosi vyake zimo kwenye faili moja la PCX (aina ya faili la picha), units_32, kila ikoni pikseli (nukta za picha) 32 kwa 32. Faili hilo lina rangi 256 tu, zimepangwa kwenye orodha iitwayo paleti, namba 0 hadi 255. Pikseli haibebi rangi, inabeba namba. Sisi wa Kusini tulielewe hivi: gunia la korosho ghalani limeandikwa namba, jina la mwenye mzigo liko daftarini. Mtu akiyapanga upya majina daftarini, magunia hayajasogea hata shubiri, lakini yote yamebadilisha wenye mzigo. Ndilo lililonikuta. Programu ya kuchorea ilinitengenezea paleti mpya, majenta (ile waridi kali inayojaza sehemu tupu kuzunguka mchoro) iliyokuwa namba 255 ikahamishwa, na gemu, ambalo huficha namba 254 na 255 tu, likaionyesha kama rangi yoyote nyingine.

Kwa hiyo usianze na faili tupu. Nakili faili asili la gemu, fungua nakala hiyo kwenye GIMP (ni programu ya bure ya kuhariri picha), halafu bandika mchoro wako humo humo. Kila rangi yako itatafutiwa iliyo karibu nayo kwenye paleti iliyopo, na mpangilio hautaguswa.

Hapo napo pana mtego. Niliwahi kumchora mama muuza samaki amejifunga kanga ya waridi iliyokolea. Kwenye gemu akatoboka kiunoni, nyasi zikaonekana upande wa pili, kwa sababu waridi ile ilivutwa kwenye majenta ya uwazi. Nikaigeuza kanga kuwa nyekundu kabla ya kubandika, ikakaa sawa. Siku hizi waridi naikwepa kabisa.

Kingo nazo zinataka subira. Brashi laini huchanganya rangi ya mchoro na majenta, na ikoni inabaki na ukungu wa waridi pembeni. Tumia penseli, pikseli kwa pikseli. Kama mchoro ni mkubwa, upunguze kabla haujakutana na majenta hiyo. Na JPEG, aina nyingine ya faili la picha, usiiguse hata kwa nakala ya muda: haina paleti, na inavuruga rangi kila unapohifadhi.

Sasa kabla ya kutoa faili nafungua kidirisha cha paleti, nashuka hadi viboksi viwili vya mwisho na kuvilinganisha na vya faili asili. Vikilingana, natoa PCX na kuwasha gemu.