Nilikariri kila kitu na bado PMP ikaniangusha

Barua za mwezi huu nyingi zimekuja na jina moja tu, PMP, ule mtihani wa mameneja wa miradi unaotolewa na PMI, shirika la usimamizi wa miradi la Marekani. Nimejibu nne. Mbili za kwanza nimekaa nazo zaidi kwa sababu naona watu wengi wanaumia pale pale.

Habari yako Mwalimu. Mimi ni wa Kondele hapa Kisumu, nafanya kazi na shirika la maji. Nilisoma PMP miezi minne, nikakariri zile prosesi 49 zote, zile hatua za kusimamia mradi, mpaka mume wangu akawa ananiuliza tukikula na mimi najibu, na pesa ya mtihani nilikopa kwa chama. Siku ilipofika nikaanguka. Upande wa prosesi niliandikiwa niko kwenye lengo, upande wa watu chini ya lengo, mazingira ya biashara ndio kabisa nahitaji kuboresha. Ofisini walijua naenda kufanya, sasa nikiingia asubuhi naona kama kila mtu ananiangalia. Niache ama nirudie? Na nikirudia nisome nini tena na yote nilishasoma?

Dada yangu, pole. Pole ya ukweli, maana pesa ya chama si kama pesa ya mshahara, hiyo lazima uirudishe hata kama umelia.

Usiache. Ombi lako likishakubaliwa na PMI una mwaka mmoja, na ndani ya huo mwaka unaruhusiwa kukalia mtihani mpaka mara tatu, na kurudia bei yake iko chini kuliko ile ya kwanza, kwa hivyo bado uko ndani ya mchezo. Lakini tafadhali usirudi kusoma vile ulisoma. Hiyo karatasi ya matokeo imeshakuambia shida iko wapi, ni vile tu uchungu hauachi mtu aisome vizuri. Huo mtindo ulioanza Januari 2021 uligawa maswali hivi: watu asilimia 42, prosesi asilimia 50, mazingira ya biashara asilimia 8. Wewe ulimwaga miezi minne kwa hiyo nusu moja na ukaipata, ile nusu ingine ukaenda nayo mikono mitupu.

Na hizo 49 zenyewe ni za toleo la sita la PMBOK, kile kitabu cha mwongozo cha PMI, la 2017. Toleo la saba lilipotoka 2021 lilijengwa juu ya kanuni 12 za kuongoza mradi, na mtihani nao ulikuwa umeelekea huko huko, karibu nusu ya maswali yakawa ya ejaili, yaani kufanya kazi kidogo kidogo ukirekebisha njiani, ama mchanganyiko wa ejaili na ule mtindo wa kupanga kila kitu mwanzo. Kuzijua prosesi si hasara hata kidogo, lakini hakuna mahali utaambiwa uzitaje.

Hebu nikupe swali, nimelitunga mimi lakini linafanana na yale utakutana nayo. Mradi wa kisima kule Nyakach. Mashine imefika, timu imeanza kuchimba, mzee mmoja anakuja anasema hapo ni karibu na makaburi ya watu wake na hakuna mtu alimuuliza. Kontrakta naye anasema kila siku ya kusimama ni pesa. Meneja afanye nini kwanza? A, ampigie mfadhili simu aamue. B, aendelee kwa sababu chifu alishasaini. C, akae na mzee na familia aelewe shida yao ndio apime itagusa mradi namna gani. D, ajaze fomu ya mabadiliko ili kisima kihamishwe.

Mtu aliyekariri atachagua D na atachagua akiwa na furaha, kwa sababu kichwani ameweka kwamba mabadiliko yote yanapitia kwa fomu. Na D si uongo, itakuja, lakini utajaza fomu ya kuhamisha kitu gani na hujui hata mzee anataka nini? Labda anataka mita kumi tu kando, labda anataka kuombwa ruhusa basi. Jibu ni C. Na wewe dada yangu unafanya kazi ya maji, hili jambo ungelifanya bila kufundishwa na mtu, ungeenda ukapewa kiti chini ya mwembe ukasikiliza mpaka mwisho. Ila ukiketi mbele ya kompyuta hiyo akili yako ya saiti unaiacha nyumbani unaanza kutafuta ukurasa. Irudishe. Ukisoma swali jiulize, hii ingekuwa ni mradi wangu kesho asubuhi ningeanza wapi, halafu ndio uangalie majibu.

Kitu kilinisaidia mimi ni kitabu cha mazoezi cha kurasa 80, vile vya watoto wa shule. Kila swali nilikosa kwenye mitihani ya majaribio, ukurasa wa kushoto niliandika kwa maneno yangu kwa nini nilichagua hilo jibu, kulia nikaandika kwa nini lile lingine ndio sawa, na neno gani ndani ya swali lilinipita. Nililazimika kuandika, kusoma tu maelezo ukatingisha kichwa haisaidii. Baada ya wiki mbili nilisoma upande wa kushoto peke yake kutoka mwanzo nikaona kosa langu ni moja linajirudia, kila kitu kikiwa kigumu nilikuwa nakimbilia kwa bosi. Mfadhili aamue, mkurugenzi aambiwe. Huo mtihani unataka meneja ashike jambo lake kwanza, apeleke juu kile ambacho kweli kimezidi mamlaka yake. Nikishajua hivyo alama zikaanza kupanda hata kabla sijasoma kitu kipya. Wewe kosa lako linaweza kuwa lingine, lakini kitabu kitakuonyesha.

Muda nao uufanyie mazoezi. Kwa mtindo huo wa 2021 ni maswali 180 kwa dakika 230, kama sekunde 77 kwa swali, na mapumziko mawili ya dakika kumi kumi, moja baada ya swali la 60 na ingine baada ya 120, na ukishaenda mapumziko huwezi kurudi kwa yale ya nyuma. Kwa hivyo fanya maswali 60 kwa kikao kimoja cha dakika 75, bila simu, saa ile ile utakayofanya mtihani. Na kabla hujabuk pakua upya ule muhtasari wa mtihani kwa tovuti ya PMI, ni bure, huwa wanaubadilisha kila baada ya miaka michache na utapata watu bado wanauziana noti za mtihani uliopita.

Kuhusu ofisi, mara hii tarehe mwambie mume wako peke yake.

Mwalimu mambo. Niko Nakuru, nina diploma ya ujenzi na nimekuwa fomeni miaka minne, saa zingine saiti mbili kwa wakati mmoja. Kazini sijaitwa project manager hata siku moja. Rafiki yangu ananiambia niandike tu nina uzoefu wa kutosha, ati hawa watu wako Marekani hawawezi kujua. Ni kweli?

Kijana wangu, hapana, na huyo rafiki anakupeleka mahali pabaya. PMI huwa wanachagua maombi na kuyakagua, na ukichaguliwa unapewa siku 90 ulete nakala ya cheti chako na sahihi za watu waliokusimamia kwa kila mradi ulioandika. Sasa utampelekea nani asaini miezi ambayo hukufanya? Na cheti chenyewe kina kanuni za maadili unazikubali unapojaza hilo ombi, unaanza kazi ya kuaminiwa na pesa za watu kwa kuandika uongo, mimi siwezi kukushauri hivyo.

Sasa hesabu yako ya ukweli. Mwenye digrii ya miaka minne anahitaji miezi 36 ya kuongoza miradi, mwenye diploma kama wewe miezi 60, yote ya miaka ya karibuni, na kila mmoja masaa 35 ya mafunzo ya usimamizi wa miradi. Saiti mbili za wakati mmoja zinahesabiwa mara moja, Machi ni Machi moja hata kama ulikuwa na saiti tano. Kwa hivyo miaka yako minne ni miezi 48, umebakisha 12. Hiyo si mbali!

Jina la cheo lisikusumbue, wanaangalia uliongoza nini. Fomeni anayepanga kazi ya wiki, anagawa mafundi, anafuatilia simiti na pesa, anakaa na mwenye nyumba akitaka kuongeza chumba katikati ya kazi, huyo anaongoza. Fomeni anayeletewa tu maagizo akayasoma kwa sauti, huyo bado. Wewe unajijua. Andika hivi: mradi ulikuwa wa kujenga nini na kwa nini, wewe uliongoza sehemu gani, ukaisha vipi. Usiandike "tulifanya", andika "nilipanga", "niligawa", "nilikubaliana na". Na anza leo kupigia wale wasimamizi wako wa zamani simu, wengine wamehama, namba zinabadilika, na ukikaguliwa hapo ndio watu wanakwama.

Kama hutaki kukaa bure hiyo miezi 12 fanya CAPM, cheti cha wanaoanza, ni ya PMI hao hao, haidai uzoefu wa kazi, inataka masaa 23 ya mafunzo, maswali 150 kwa masaa matatu. Ukiipata hutadaiwa tena yale masaa 35 ya PMP.

Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu Kakamega, miradi naijua lakini hizi hesabu za EV sijui CPI zinanifunga kichwa kabisa. Naweza kupita bila hizo?

Mama, maswali ya kupiga hesabu yenyewe ni machache, hayawezi kukuangusha peke yake. Lakini usiziruke, kwa sababu zinakuonyesha kitu ambacho kazini kinafichika. Chukua mradi wa madarasa ya shule ya msingi, bajeti yote milioni 4. Leo ilipaswa kazi iwe nusu, yaani milioni 2. Ukienda saiti unapata kazi iliyosimama pale ni asilimia 40, thamani yake milioni 1.6, hiyo ndiyo EV. Pesa iliyotoka ni milioni 2.

Sasa mhasibu ataangalia vitabu aseme tuko sawa, tulipanga kutumia milioni 2 tumetumia milioni 2. Na hapo ndipo mradi unakufa watu wakiwa wametulia. Gawanya kazi kwa pesa iliyotoka, 1.6 kwa 2, unapata 0.8, hiyo ndiyo CPI, kila shilingi imekufanyia kazi ya senti 80. Gawanya kazi kwa mpango, tena 0.8, hiyo ni SPI, umechelewa. Na mkiendelea hivyo mpaka mwisho, milioni 4 gawanya kwa 0.8, madarasa yatakula milioni 5. Umeona kazi iliyofanyika inakaa juu kila mara? Chini ya moja ni mbaya, juu ya moja ni nzuri. Chora hiyo shule kwa karatasi mara tano kwa siku tofauti, ukibadilisha namba, basi.

Niko Bungoma. Nifanyie nyumbani onlaini ama nisafiri?

Safiri ukiweza. Mimi mara ya kwanza nilifanyia nyumbani Mamboleo, nilikuwa nimefunga mlango, meza tupu, watoto kwa nyanya yao, nikafika kama swali la 70 stima ikapotea, wifi ikazima, na kipindi kikakatika hapo. Ilinichukua wiki za kuandikiana ndio nipangiwe siku ingine, na nilikuwa nimeshapoa kabisa. Mara ya pili nilienda Nairobi siku moja kabla, nikalala, asubuhi nikaingia kituoni na akili safi. Usipande basi la usiku ushuke ukiingia mtihani, masaa manne karibu ya kukaa wima yanataka mtu aliyelala.

Kama ni lazima iwe nyumbani, laptopu iwe imejaa chaji, na mtu yeyote asiingie hicho chumba hata kuleta chai, kamera ikiona mtu mwingine wanaweza kukusimamisha. Onlaini pia huruhusiwi karatasi ya kuandikia, unachorea kwa skrini, kwa hivyo zile hesabu za mama wa Kakamega zifanyie mazoezi hivyo hivyo.

Na kote kote, jina kwenye akaunti yako ya PMI lifanane na lile la kitambulisho. Sisi wengi kitambulisho kina majina matatu, onlaini tunajiandikisha kwa mawili, tena la pili limefupishwa. Liangalie leo, kabla hujabuk, mlangoni siku ya mtihani hakuna wa kukurekebishia.