Maswali yenu ya poka: ukiwa na jozi ya katikati (jozi inayozidiwa na karata kubwa ya mezani)

Kaka, nimeshika 9-9, flopi (karata tatu za kwanza za mezani) imekuja K-7-3, jamaa kabeti nusu ya poti (hela zilizo katikati ya meza). Nilipie (niweke sawa na yeye) au nitupe?

Wiki hii haya yamekuja kama kumi hivi na karibu wote hamjasema mko wangapi mezani wala nani anacheza mwisho, sasa nijibu vipi jamani? Mko watu watatu na mmoja keshalipia, tupa hapo hapo. Mko wawili, na jamaa ni wa kubeti kila flopi, lipia mara moja, maana kwa nusu ya poti unatakiwa ushinde mara 1 tu kati ya 4. Akirudia kwa nguvu kwenye turni, yaani karata ya nne ya mezani, achia. Usilipie eti unasubiri 9, zimebaki 2 kwenye karata 47, hiyo ni kama asilimia 4. Na msishtuke kuona karata kubwa, ukishika 9-9 karibu mara 8 kati ya 10 flopi inakuja na kubwa zaidi ya 9.

Si bora nipandishe (niongeze juu ya beti yake) ili nijue nimesimama wapi?

Hapana, na hii ndo inamaliza hela zenu! Ukipandisha, mwenye 5-5 anatupa, mwenye 8-7 anatupa, yaani wote uliokuwa unawala wanaondoka, anabaki mwenye kingi (K). Mimi niliwahi kushika J-10, flopi Q-10-5, mzee mmoja kabeti 400 nikapandisha 1,200. Akahesabu chipsi taratibu, moja moja, akalipia bila neno. Kwenye riva, karata ya tano na ya mwisho, akabeti tena na mimi nikalipia kwa sababu nilishaweka nyingi, akafunua A-Q. Ningelipia ile 400 tu ningebaki na akili ya kuachia mbele. Jozi ya katikati inataka poti ndogo na mfike mfunue.

Nina 6-6, flopi A-K-Q, watu wanne, na wawili washabeti.

Tupa.

Nikipoteza kwa jozi hizi naruhusiwa kupanda meza kubwa nirudishe?

Usithubutu. Funga simu ukalale. Meza kubwa wanakaa watu wanaosubiri mtu mwenye hasira kama wewe, na kama hiyo ni hela ya kodi usingekaa mezani tangu mwanzo, nakuomba kabisa.

Nina A-9, flopi K-9-4, tuko wawili, mwenzangu kapisha (hajabeti) na mimi ndo wa mwisho. Nibeti?

Umeuliza vizuri, umetoa kila kitu. Kama karata za flopi zina alama tofauti (kopa moja tu, kwa mfano) pisha tu, hata akiwa na kingi una ree (A) 3 na 9 mbili za kukuokoa, karibu asilimia 11 kwa karata moja. Akipisha tena turni, beti thuluthi ya poti, mwenye 4 atalipia na mwenye 8-8 pia. Ila zikiwa kopa mbili kwenye flopi, beti sasa hivi, anayetafuta kopa ya tano (kopa tano zinashinda jozi) asiione bure.