Siku ya 21 si ya kila mwanamke

SWALI: Dokta, nina miaka 31 na huu ni mwaka wa pili natafuta mtoto. Siku zangu huja kila baada ya siku 35, hazirukiruki. Nilipimwa homoni siku ya 21, projesteroni ikatoka 0.8 ng/ml. Nikaambiwa mayai hayapevuki, homoni zimevurugika, nikauziwa chupa tatu za kuzirekebisha. Niendelee nazo?

JIBU: Hapana, dada. Ziache, na majibu hayo yaweke pembeni, maana ulipimwa siku isiyo yako.

Siku ya 21, ukihesabu tangu hedhi ianze, ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Projesteroni hupanda baada ya yai kutoka, na yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kwako hiyo ndiyo siku ya 21 yenyewe! Walikutoa damu yai likiwa bado linajiandaa, projesteroni ingepandaje? Rudia siku ya 28, wiki moja baada ya yai kutoka. Ikizidi 3 ng/ml, yai limetoka. Tazama pia kipimio kilichoandikwa pembeni ya namba, kwa sababu maabara nyingine hutumia nmol/l, na huko hiyo 3 itasomeka karibu 10.

Sasa hili neno, "homoni zimevurugika". Limenichosha. Si jina la ugonjwa wowote. Homoni za mwanamke kazi yake ni kupanda na kushuka mwezi mzima. LH, homoni inayoliamsha yai litoke, ikikutwa juu yai linapokaribia kutoka, hiyo ni afya, ila asiyekuuliza hedhi ilianza lini ataizungushia kalamu nyekundu. FSH, inayokuza mayai, na estradioli, inayotoka kwenye ovari, zinasomeka vizuri siku ya 2 hadi ya 4. Prolaktini, homoni ya maziwa, hupandishwa hata na hofu ya sindano, au vidonge vya metoklopramaidi ulivyomeza kuzuia kutapika, kwa hiyo ikizidi kidogo tunarudia kwanza kabla ya kumtisha mtu. Na AMH, ambayo siku hizi kila mtu anaitaka, inakadiria akiba ya mayai. Ikiwa ndogo haina maana kwamba hutashika mimba kwa njia ya kawaida.

Hapo nazungumzia maabara za kweli. Kuna na kile kimashine cha kushikishwa kijiti cha chuma mkononi, kompyuta inamwaga kurasa za "matokeo" kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Homoni hupimwa kwenye damu. Aliyekupima bila damu hajakupima, na mara nyingi dawa ya alichokigundua iko kwenye kabati nyuma yake, pamoja na ile ya "kusafisha kizazi".

Wengi huja kwangu na bahasha nene ya vipimo vya homoni, nikiifungua, karatasi mbili hazimo: picha ya mirija ya uzazi na kipimo cha mbegu za mume. Mirija iliyozibwa na maambukizi ya zamani haizibuliwi na kitu cha kunywa. Mumeo hukumtaja hata kidogo. Naye akapime wiki hii, awe amejizuia siku 2 hadi 7. Aliyefika miaka 35 huwa simngojeshi mwaka, miezi 6 inatosha aanze kuchunguzwa. Lakini napokea wenye miaka 39, na minne ya mwisho wameimaliza kwenye chupa.